Mpini Mpya, Kisu cha Jirani

Sogeeni, ndugu zangu, sogeeni huku mbele. Darsa ya leo si ndefu, chai zenu za alasiri hazitapoa. Na wewe uliyeegemea nguzo, kaa vizuri. Nataka kuwasimulia habari ya bwana mmoja ambaye hakuiba. Nasema mapema msije mkanirukia. Hakuiba, aliazima.

Bwana huyu alikuwa anatandika mkeka wa plastiki sebuleni kwake, ule wa maua maua, akakosa kitu cha kukatia. Akaenda kwa jirani yake, nyumba zao ukuta kwa ukuta. Jirani akatoa mfukoni kisu cha kukunja, kidogo lakini kikali, mpini wake wa pembe ya ng'ombe umepauka kwa kushikwa. "Chukua, utanirudishia." Basi. Mkeka ukatandikwa, kisu kikabaki juu ya kabati. Leo nitampelekea, kesho nitampelekea. Mnacheka nini? Vyombo vya watu vimelala vingapi jikoni kwenu hivi sasa? Kukopa harusi, kulipa matanga.

Siku zikaenda. Jirani naye msahaulifu, akasahau kabisa kwamba kisu alimpa mtu. Siku moja wanaume wamekaa barazani wanakunywa kahawa, akaja kavimba. "Jamani, nyumbani kwangu mna mwizi. Kisu changu hakionekani. Nani anayeingia na kutoka pale kama si huyu shemeji yangu? Nimemwambia afungashe." Shemeji mwenyewe ni kaka wa mkewe, mtu mzima aliyekuja mjini kutafuta kibarua, akapewa chumba cha uani.

Na bwana wetu alikuwa wapi? Pale pale barazani, kikombe mkononi! Lilitakiwa neno moja tu: "Aa, bwana wee, kisu kiko kwangu, nisamehe." Wangemcheka, yakaisha. Lakini jina la mtu limekwisha tajwa mbele ya watu, na yeye amekwisha nyamaza kidogo, na ukishanyamaza kidogo ulimi unakuwa mzito. Akajiambia, nitamwambia tukibaki wawili. Hawakubaki wawili. Kesho yake shemeji akapita na begi lake, akamsalimu, "Asalaam aleikum, kaka." Bwana akaitikia macho yako chini.

Tangu hapo hakukaliki, hakulaliki. Akisikia hodi, moyo paa! Akisikia jirani anakohoa uani, anakitoa kisu juu ya kabati anakipeleka chini ya godoro. Anakitoa chini ya godoro anakifukia kwenye gunia la mkaa. Akisimama kusali anawaza, je, mke wangu akitia mkono kwenye mkaa? Sala gani hiyo, jamani?

Njia ilikuwa moja, kukirudisha. Yeye akapata akili nyingine. Akaenda kwa fundi wa mtaa wa pili akaazima tupa na jiliwa la kubania, maana kuazima hakuachi. Akajifungia chumbani. Akakibana kisu, akavikata vichwa vya ribiti, zile pini zinazoshika mpini, akazigonga zikatoka. Vile vibao viwili vya pembe vikaanguka, akavitupa chooni. Akachukua kipande cha mpingo, akapasua vibao viwili vipya, akavitoboa, akapaka gundi, akapitisha pini za shaba, akazigonga vichwa. Akapiga tupa, akapiga msasa, akapaka mafuta ya nazi. Kazi safi, sitamdhulumu, hata mimi ningekisifu.

Mkewe akasukuma mlango. "Baba watoto, kisu cha nani hicho?"

"Changu."

"Tangu lini una kisu wewe?"

"Mwanamke, kila kitu lazima uulize?"

Mnadhani sasa alitulia? Thubutu! Kisu hakijifichi tena, kinatembea naye mfukoni, na kila akikigusa kinamkera. Akikutana na watu anakitoa kabla hajaulizwa. "Kisu changu hiki, mpini nimetia mwenyewe." Nani kakuuliza? Mwenye kitu chake huzunguka mtaa mzima kukitangaza?

Mke wa jirani akajifungua mtoto wa kiume. Ikafika siku ya akika. Asubuhi hodi, bwana anafungua, ni jirani.

"Ndugu yangu, kisu cha kuchinjia ninacho. Nimekosa kidogo cha kuchunia mbuzi. Nasikia una kisu kikali, niazime."

Atakataaje? Akamkabidhi. Jirani akakikunjua, akapitisha kidole gumba kwenye makali. "Mashallah! Mpini umetia mwenyewe?" Bwana akasema ndiyo. "Una mikono, bwana." Akaondoka nacho. Hebu watazameni hao wawili. Mwenye mali anaazima mali yake, na anashukuru!

Mwaliko alipewa, hakwenda, alisingizia tumbo. Alishinda anazunguka nyumbani. Wakicheka upande wa pili, anasema wamekitambua. Wakinyamaza, anasema hasa ndiyo wamekitambua. Alasiri jirani akarudi. Kisu kimeoshwa, kimefutwa, na bakuli la nyama pamoja nacho.

"Kitu cha mtu hakilali kwangu," akasema. Halafu akakaa kizingitini, uso umemshuka. "Nikwambie neno. Mama mtoto leo amelia. Akika ya mwanetu, mjomba wake hayupo. Na wewe ulivyonipa kisu chako bila swali, nimejiona nina roho mbaya. Kesho namfuata shemeji. Nitamwambia, kile kisu ulichoiba, nimekusamehe."

Hapo bwana angeweza kushusha pumzi. Si yamekwisha? Anasamehewa mtu mwingine, kisu kinabaki. Lakini lile neno lilimchoma: ulichoiba. Mtu asiye na kosa anafuatwa kusamehewa wizi, na akishasamehewa atabaki mwizi mbele ya dada yake na mbele ya huyo mtoto mpaka anaingia kaburini. Bakuli bado liko mikononi mwake.

"Hakuiba," akasema. "Kisu chako ni hiki."

Jirani akacheka, akampiga bega. "Wewe bwana! Changu kilikuwa cha pembe. Unataka kunipa chako ili nisiwe na kinyongo na shemeji yangu. Watu kama wewe wamebaki wachache."

"Nakwambia ni chako, niliazima nikakificha!"

"Na mimi nakwambia una moyo mzuri. Mungu akuzidishie."

Mnauona msiba? Kazi aliifanya vizuri mno. Aliuficha ukweli mpaka siku alipousema mwenyewe, kwa kinywa chake, ukageuka kuwa sifa. Akaliweka bakuli chini, akaingia ndani mbio, akatoka na nyundo na patasi. Akapiga magoti pale mlangoni, akachomeka patasi chini ya mpingo, akagonga. Mpingo ukapasuka. Akageuza upande wa pili, akagonga tena, analia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake, na waliotoka kwenye akika wamesimama wanamtazama. Kikabaki chuma kitupu. Jirani akakiokota, akakigeuza. Tundu la katikati la ribiti limekwenda upande. Jirani alilitoboa mwenyewe zamani, alipokitia ule mpini wa pembe, keekee ya kutobolea ikamteleza. Kicheko kikamkauka.

Hakusema nimekusamehe. Alisema, "Mimi si wa kwanza kuombwa radhi. Vaa viatu, twende kwa shemeji." Wakaenda, na kisu hakina mpini.

Ndugu zangu, na sisi je? Urithi wa yatima tumeukalia, tukiulizwa tunasema tunamtunzia. Tumemsengenya mtu mpaka kakosa mchumba, tunasema tulikuwa tunatoa nasaha. Tumehamisha mpaka wa shamba hatua moja bila kujulikana, na juu yake tumepanda migomba tunawagawia masikini ndizi. Tumetia mpini mpya, tumeupiga msasa, watu wanatuambia mashallah, nasi tunaitikia. Halafu tunakuja hapa kuuliza, sheikh, mbona sipati usingizi, nisome dua gani?

Dua gani! Mola ni mwingi wa kusamehe, sikatai, na haki yake anaweza kukuachia. Lakini haki ya mja iko kwa mja, na mja huyo anaishi mtaa wa tatu kutoka hapa, na pengine hivi sasa anaitwa mwizi kwa ajili yako. Sunna zako za usiku hazimsafishi jina. Astaghfirullahi elfu haimrudishi kwenye akika ya mpwa wake. Toba ya jambo hilo ni patasi na nyundo, mbele ya wale wale waliokusifu. Itauma, na itakuaibisha, na huenda usisamehewe siku hiyo. Nenda hivyo hivyo.

Sasa nataka kuomba dua, lakini sitaki kuiomba na watu wote. Mwenye cha mtu ndani kwake na ainuke aende, dua itamfuata njiani. Mimi nangoja. Mbona mmekaa?