Mkwe wa Mama Mbawakawa

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa shamba!
La nani?
La bibi na mdudu!

Haya, sogeeni. Mwenye hindi mkononi atafune polepole, maana hadithi yenyewe ni ya kutafuna.

Hapo kale palikuwa na bibi mmoja, Bi Sikudhani, aliyelima mtama peke yake. Mgongo ulikuwa unamsumbua, kupalilia hawezi. Lakini kando ya shamba aliacha ukingo wa nyasi, hakuutia jembe hata siku moja. Majirani wakamcheka, "Bi Sikudhani anafuga nyasi!" Naye akawajibu, "Mle mna wenyewe."

Na kweli walikuwamo. Mama Mbawakawa, mdudu mweusi, mdogo kuliko punje ya kunde, alikuwa ametaga mayai yake chini ya nyasi zile. Kila jua likichwa alitoka na jamaa zake, wakaingia shambani kutafuta mbegu za magugu zilizodondoka. Katu, katu, katu! Mbegu ikishatafunwa, itaota wapi tena? Shamba la bibi likawa safi, na bibi hakujua kwa nini.

Siku moja akaja Ngiri. Mnamjua Ngiri: tumbo kubwa, shingo fupi, hali mpaka apige magoti. Akapiga magoti mwanzo wa ukingo, akafukua mizizi. Foro, foro, foro!

Mama Mbawakawa akapaza sauti, "Bwana Ngiri, geuza pua! Hapa pana watoto!"

"Watoto si mizizi. Mimi nina njaa."

Siku ya pili akafika katikati. Foro, foro, foro!

"Bwana Ngiri, geuza pua! Hapa pana watoto!"

"Watoto si mizizi. Mimi nina njaa."

Usiku ule Mama Mbawakawa hakula. Aliyazunguka mayai yake, akayagusa moja moja, akalia. Kisha akafuta machozi, akaenda kunong'ona na nyenje.

Siku ya tatu Ngiri akafika mlangoni pa Mama Mbawakawa. Akapiga magoti, pu! Hata hajafungua mdomo, nyenje wote wakapiga vigelegele. Ririririii!

"Kuna nini?" Ngiri akashtuka.

Mama Mbawakawa akatoka, amejitanda jani. "Karibu, mkwe wangu! Umekuja kuposa."

"Kuposa? Mimi?"

"Umepiga magoti mlangoni kwa mwenye mabinti, mbele ya mashahidi. Kwenu, mlangoni kwa watu, magoti hupigwa kwa jambo gani?"

Ngiri akaona haya mpaka masikioni. "Kwa... kwa kuposa. Na bibi harusi yuko wapi?"

"Bado yumo ndani ya yai. Utamngoja."

Tumbo la Ngiri likanguruma, ngrrr! "Basi nile kidogo nikingoja."

"Ule?" Mama Mbawakawa akashika kiuno. "Mkwe ale mbele ya mama mkwe? Mama yako akisikia!"

Sasa, Ngiri alikuwa mlafi, lakini mama yake alimlea. Enzi zile mkwe hali ukweni, hata afe njaa. Akainuka, akasema, "Shikamoo, mama," akasimamisha mkia, akatimua mbio. Tifu, tifu, tifu! Tangu siku ile akiuona ukingo ule tu, anakimbia.

Asubuhi Bi Sikudhani akakuta nyasi zimefukuliwa. Akainama, mgongo ukilalamika, akarudisha udongo kwa kiganja, kidogo kidogo. Akasema, "Poleni, wenyewe."

Chini ya nyasi Mama Mbawakawa akasikia, moyo ukamjaa. Jua lilipokuchwa akala mbegu mbili zaidi kuliko kawaida yake. Katu, katu.

Hadithi imekoma hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni niitie chumvi.

Na funzo lake, wajukuu zangu: ukitaka kula, kula umesimama, na adabu mwachie Ngiri.

Wewe Mwanahawa, umesimama na sahani unakwenda wapi? Keti chini ule!