Kamba Iliyomtafuta Mwenye Mchezo wa Kokwa

Hapo zamani, na mwaka msiniulize, kwani mara ya mwisho nilipojitia kuutaja, arusini ugenini, nikamwita sultani wa hekaya hii bahili mwenye kichwa cha nazi, kumbe anayenimiminia kahawa ni kitukuu chake. Kahawa yote ikaishia magotini mwangu. Basi hapo zamani palikuwa na mji wa bandari ulioshikwa na wazimu wa mchezo wa kokwa. Kila alasiri hukatwa chungwa sokoni, na aliyebahatisha idadi ya kokwa zilizomo huchukua vyote vilivyowekwa: kuku, makubadhi, hata mikeka ya kulalia. Ikawa wachuuzi wanacheza, walinzi wanacheza, na mwadhini naye akaadhini mapema ili aliwahi chungwa.

Sultani akakasirika, akapiga mbiu: "Aliyeuzua mchezo huu atapandishwa punda, uso ukielekea mkiani, azungushwe mji mzima kwa zumari, hata awe nani."

Siku hiyohiyo askari wakamkamata Vuai, msokota kamba, fukara wa kutupwa, akinyata uchochoroni amejitanda kanga ya mkewe. Kanzu yake ya pekee ilikuwa imeliwa kwenye kokwa saba.

"Ewe mzee wa kanga," akanena sultani, "wamjua aliyeuanzisha?"

"Bwana, mimi ni wa kuliwa tu. Mlaji simjui."

"Basi kesho niletee huyo mwanzilishi, amefungwa kamba. Usipomleta, utapanda punda wewe, kisha utatoka mjini mwangu, wewe na mkeo, msirudi."

Vuai akaenda nyumbani, akamsimulia mkewe. Mkewe akamwambia, "Mamangu ni kipofu na yuko hapa. Mimi siendi popote. Katafute akili huko ulikopoteza kanzu."

Asubuhi Vuai akatwaa kamba ndefu aliyoisokota mwenyewe, akajifunga ncha mkononi, akaenda kwa kinyozi. "Wewe ndiye uliyenifunza kokwa. Nawe ulifunzwa na nani?" Kinyozi, kwa kuogopa punda, akamtaja upesi muuza kahawa. Basi kinyozi naye akafungwa mkono, wakaandamana. Muuza kahawa naye akafungwa, akamtaja mpishi wa jumba la sultani, bibi mmoja aitwaye Mwanatime. Huyo alipoulizwa akacheka sana, akajizungushia kamba mkononi, akaikamata ncha ya pili na kusema, "Huko iendako kamba hii ninyi wanaume hamuingii. Niachieni." Akatoweka nayo ndani.

Wakati wa baraza, sultani akawaona Vuai, kinyozi na muuza kahawa wamesimama mbele yake, wamefungwa mkono kwa mkono, na kamba yenyewe imepitiliza hadi mlango wa jikoni.

"Yupi kati ya hawa?"

"Hapana hata mmoja, bwana wangu. Kamba ingali njiani."

Mara pazia la nyuma ya kiti likasogea, mkono wenye hina ukatokeza, ukamvisha sultani kitanzi mkononi. Ulikuwa mkono wa Bibi Zuwena, mkewe.

"Bibi, una kichaa?"

"Sina, bwana. Mpishi kafunzwa nami, nami nimefunzwa nawe. Ulipokuwa na homa, dawa huitaki, ikawa kila chungwa nikikumenyea waniambia nibahatishe kokwa. Ukanila bangili zangu mbili."

Baraza zima likatazama vidole vya miguu. Waziri akakohoa. Sultani akaitazama kamba, akamtazama Vuai, akaangua kicheko hata kilemba kikaenda upande.

"Umemleta, na amefungwa. Kaa mjini mwangu, ewe Vuai, na upewe kanzu mpya. Ama hayo ya punda, nadhani twaweza kuyasahau."

"Bwana," akasema Vuai, "watu waliifuata kamba. Wamejaa langoni, na wameshawekeana."

"Wamewekeana nini?"

"Utaanguka mara ngapi."

Sultani akageuka kulielekea pazia. "Bibi Zuwena, wausikia utovu huu wa adabu?"

"Nausikia. Nimeweka tatu. Kapande."