Kwa Nini Kiongozi Humwita Mlinzi wa Ndiva kwa Jina

Kong! Zamani zile, giza likishaingia, mlio huo mmoja ulishuka mlimani, kisha kimya. Ulikuwa mlio wa gogo likigongwa kuziba mdomo wa ndiva, bwawa letu la udongo. Usiku kucha maji ya kijito yalijikusanya humo, na asubuhi mlinzi alipozibua yalitoka kwa nguvu, yakafika hadi mashamba ya bondeni. Mlinzi alikuwa mzee wa maneno machache. Alijua udongo upi huziba ufa, na zamu ya kila nyumba aliishika kichwani. Watu walilala fofofo. Hakuna aliyewahi kumshukuru.

Ndipo, wajukuu wangu, akainuka Mbazi, kijana mwenye sauti tamu, mwana wa Nakijwa wa bondeni. Alisimama sokoni akauliza, "Maji ya nani?"

"Yetu!"

"Basi nani anayafungia usiku, kama mbuzi wa wizi?"

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Siku hiyohiyo wakampa fimbo ya utawala. Mbazi aling'oa gogo kwa mkono wake, akamfukuza mlinzi na wasaidizi wake, akaweka wapiga ngoma wake mahali pao. Akaamuru jina la mzee lisitajwe tena. Aitwe Mchoyo tu.

Juma la kwanza lilikuwa sherehe. Maji yalitiririka usiku na mchana, lakini membamba, kama mate ya mgonjwa. Nakijwa aliweka jiwe mahali yalipoishia. Kesho yake akalisogeza juu kidogo. Keshokutwa tena. Kila asubuhi jiwe lilipanda mlima, na nyuma yake ulezi ukaanza kujikunja. Ulezi ule ndio ulikuwa chakula cha bonde zima kwa mwaka mzima.

Akapanda kwa mwanawe. "Mbazi, maji hayafiki."

"Maadui wanayakinga njiani, mama."

"Nimeufuata mfereji kwa miguu yangu, mwanangu. Sikuona adui. Wala maji sikuyaona."

Mbazi aliogopa, ila aliogopa zaidi kuonekana amekosea. Akawatuma wapiga ngoma wakazibe kwa siri. Gogo wakaliweka kichwa chini, udongo wakachota wenye mchanga. Kulipokucha ukuta wa ndiva ulikuwa umevimba, unavuja huku na huku, na hakuna aliyejua pa kushika.

Mbazi, mama yake na watu wote wakakimbilia kilima cha pili, alikohamia mzee.

"Ewe Mchoyo! Njoo, ndiva inabomoka!"

Mzee aliendelea kupalilia. "Huyo mnayemwita simjui."

Nakijwa akamgeukia mwanawe. "Ulilifunga wewe jina lake. Lifungue wewe."

Na tangu siku hiyo, kwetu, kiongozi mpya hapewi fimbo mpaka aende kwa mlinzi wa ndiva, mbele ya watu wote, amwite kwa jina lake. Wala hawezi kumwondoa kwa sababu tu ameshangiliwa. Mwaka ule tulivuna nusu ya ulezi, na hiyo nusu ilitosha kutufundisha.

Lakini wa kwanza kuita alikuwa Mbazi. Alisimama kwenye magugu, na kule mlimani ukuta ukizidi kulegea. Kisha akapiga magoti.

"Shikamoo," alisema. "Shikamoo, Mzee Kajiru."