Kishindo, Mbwa wa Kushikwa

Paukwa!

Pakawa!

Wazee hamkuitikia. Mnadhani hadithi ya mbwa ni ya watoto peke yao. Haya, kaeni msikilize, mtajua wenyewe inamhusu nani. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, mbwa walipokuwa wakisema maneno na kuku wakiwajibu, palikuwa na nyumba yenye ua wa makuti, na mwenyewe alikuwa bibi mmoja aitwaye Bi Sikudhani. Bibi huyu hakupenda mbwa wakubwa. Mbwa mkubwa anakula sana, alisema. Kwa hiyo akafuga wadogo, wadogo kabisa, wa kuingia kikapuni.

Alikuwapo Nuna, manyoya yamemfunika macho. Ukimpita bila kumsalimu, ananuna. Ukimsalimu, ananuna kwa nini umechelewa. Alikuwapo Gogo, kiwiliwili kirefu, miguu mifupi, akitembea tumbo linafagia ua. Lakini kutembea kwenyewe alitembea lini? Gogo alilala jua likichomoza, likizama akageukia upande wa pili.

Halafu walikuwapo ndugu wawili wa tumbo moja, machiwawa, wale mbwa wadogo kuliko wote, masikio makubwa kuliko vichwa. Dada aliitwa Baridi, kwa sababu alitetemeka. Jua kali, anatetemeka. Amekaa jikoni penye moto, anatetemeka. Ukimpa chakula anatetemeka, ukimnyima anatetemeka. Kaka yake aliitwa Kishindo.

Kishindo hakutetemeka. Kishindo alibweka. Jani likianguka, bwe! Wingu likipita, bwe! Bi Sikudhani akipiga chafya, bwe, bwe, bwe! Mwenyewe alijiona simba, na pale uani hapakuwa na mtu wa kumsahihisha.

Sasa, nje ya ua alikaa Nguchiro, mwizi wa mayai na mla vifaranga. Na ndani ya ua aliishi Bi Mtetea, kuku mwenye vifaranga, hana mume, hana ndugu, hana mtetezi ila mbwa hao. Kila Nguchiro alipochungulia kwenye tundu la makuti, Kishindo aliruka akapiga kelele:

"Niachieni! Niachieni nimtafune!"

Basi Nuna anamshika sikio. Gogo anaamshwa, anamshika mguu. Baridi anamshika mkia. Kishindo anavuta huku, wao wanavuta kule. Vumbi tifu, tifu, tifu. Nguchiro anatazama. Anajiuliza, "Kadogo kale kanashikwa na watatu. Kakiachiwa, je?" Anarudi zake porini na njaa yake.

Ulinzi wenyewe ulikuwa huo tu. Na kwa ulinzi huo, Bi Sikudhani akimwaga ukoko wa wali mchana, Kishindo alikula kwanza. Akishiba, wenzake walilamba sufuria.

Vifaranga wote walimheshimu. Lakini alikuwapo mmoja, Kidonoa, aliyempenda kabisa. Kishindo akitembea, Kidonoa yuko nyuma. Kishindo akituna kifua, Kidonoa naye anatuna kile kifua chake cha manyoya laini. Kishindo bwe, Kidonoa chwi. Kishindo alifurahi moyoni, ila alijifanya hamwoni, kama wafanyavyo wakubwa.

Siku moja ukoko ulikuwa wa wali wa nazi. Kishindo akaula wote. Wote, jamani, na sufuria akailamba mwenyewe. Nuna akasema, "Mwenzetu, na sisi tunafanya kazi hapa. Tunakushika."

Kishindo akacheka mpaka udenda ukamtoka.

"Mnanishika? Ninyi ndio mnaoniharibia. Nguchiro yu hai mpaka leo kwa sababu yenu. Kama si meno yenu mkiani mwangu, saa hizi ningekuwa nimetandika ngozi yake nailalia."

Baridi akainua kichwa. Huyu dada alikuwa na ugonjwa wa kuamini kila anachoambiwa. "Ni kweli, kaka?"

"Ni kweli kabisa."

"Basi utusamehe. Hatukujua kama tunakukosea. Akija tena, hatukushiki."

Hapo Kishindo angeweza kucheka. Angesema, natania, ndugu zangu, na mambo yangeisha. Lakini Kidonoa alikuwa amesimama pale pale, shingo ameinyoosha, anasikiliza. Kishindo akamwona, akatuna kifua.

"Vizuri," akasema. "Mtu asinishike."

Moyoni alijipoza kwamba Nguchiro hawezi kuja leo. Nguchiro akaja leo hiyo hiyo, Bi Sikudhani alipokwenda kisimani.

"Hodi, wenyewe," akasema pale tunduni, kwa ufedhuli wake.

Bi Mtetea akaita, ko, ko, ko! Vifaranga mbio, wakajazana chini ya mbawa zake, nyuma ya kinu. Kishindo akaruka.

"Niachieni! Niachieni nimtafune!"

Sikio halikushikwa. Mguu haukushikwa. Akajivuta kwa nguvu kama kawaida yake, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumvuta nyuma, akajikuta ameteleza mpaka karibu na pua ya Nguchiro. Akageuza kichwa. Nuna amenuna. Gogo amelala. Baridi amekaa kitako, anatetemeka, anamtazama kaka yake kwa fahari.

"Nishike," Kishindo akanong'ona.

"Ulisema tusikushike, kaka."

"Nishike mkia, Baridi. Nakuomba."

Nguchiro ana masikio. Akaingia uani mzima mzima, akaketi, akacheka taratibu. "Kumbe," akasema. "Siku zote hizo nimelala na njaa kwa ajili ya huyu."

Kishindo hakungoja la pili. Puru! Moja kwa moja kikapuni, chini ya kitambaa, masikio yamebaki nje.

Nguchiro akatupa jicho huku na huku. Katikati ya ua alikuwa amesimama kifaranga mmoja, peke yake. Nyaku! Akamtia mdomoni.

Baridi aliona. Baridi aliogopa, tusidanganyane, aliogopa sana. Akainuka anatetemeka, akaenda anatetemeka, akayazamisha meno katika paja la Nguchiro, kachu! Na meno nayo yakatetemeka humo humo ndani, yakawa yanakereza kama msumeno. Nguchiro akagugumia, akampiga makucha ya uso. Baridi hakuachia. Wakabingirika, wakagonga kinu, wakapindua mtungi. Mwishowe Nguchiro akachomoka, akapenya tunduni akichechemea. Kipande cha paja kikabaki kwa Baridi. Kifaranga akaenda na Nguchiro.

Tangu hapo Nguchiro hakutia mguu tena katika ua ule.

Vumbi lilipotulia, Kishindo akatoka kikapuni, akajikung'uta. "Mmeona nilivyomzibia njia ya huku?" akasema. "Nilijua atakimbilia kikapuni." Gogo akafumbua jicho moja, akauliza kuna nini. Baridi alikuwa amekaa kwenye tope la mtungi, damu inamtoka puani.

Kishindo akamwendea Bi Mtetea kutoa pole, maana mkubwa hakosi msibani.

"Pole, Bi Mtetea. Ni yupi?"

"Kidonoa."

Badala ya kunyamaza, Kishindo akasema, "Sasa na yeye, mbona hakukimbia na wenzake? Watoto wa siku hizi hawasikii wakiitwa."

"Alisikia, Bwana Kishindo," akasema Bi Mtetea. "Nilimwita mara mbili. Akanijibu, 'Mama, ngoja kwanza nione. Leo hawamshiki.'"

Kishindo aliona uchungu, na aibu ilimjaa mpaka kwenye yale masikio, na hapakuwa na wa kumlilia.

Basi sikilizeni, watoto: msijitie ulinzi msiouweza. Adui akikuta ni maneno matupu, atacheka tu. Lakini yule anayekuamini atasimama palepale asikimbie, na yeye ndiye atakayelipa majigambo yako. Na ninyi wazee kule nyuma, mbona mnatazamana? Mimi nimesema mbwa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyecheka kacheka, na aliyejiona humo ndani asinilaumu, sikutaja jina la mtu.