Upinde Wenye Wivu

Mtemi Lugembe, ambaye kila akimkosa swala mawindoni kosa lilikuwa la upinde, alimwita Kasheku, fundi wa pinde.

"Nichongee upinde wa mti ambao fundi mwingine hajawahi kuuchonga. Ukivunjika, wewe utapigwa mishale."

"Mti huo upo, Mtemi. Ila una wivu. Pinde nyingine zote zichomwe kwanza."

Mtemi, kwa ile busara yake iliyofurika, akachoma pinde za askari wote.

Alipoletewa upinde mpya aliuvuta mara moja tu, ukakatika.

"Mti gani huu?"

"Mpapai, Mtemi. Hakuna fundi aliyewahi kuuchonga."

"Askari! Mpigeni mishale!"

Askari wakatazamana.

"Kwa upinde upi, Mtemi?" aliuliza Kasheku, akaaga vizuri, akaenda zake.