Tiketi ya Tarehe Kumi na Nne

Wahenga hawakusema kwamba njia ya mwongo ina miiba, wala hawakusema ina mashimo. Huenda ikawa laini kuliko ya msema kweli, na anayeipita akapigiwa makofi kila hatua. Walichosema ni kwamba ni fupi, mtu haendi mbali kabla hajagonga ukuta. Asiyeamini na aulize watu wa mtaa wa Huruma habari za Mbaluka na filamu ya watu wa chuma.

Mwaka huo wa 1996 Mbaluka alikuwa na miaka ishirini na sita. Asubuhi alichonga miguu ya viti na vitanda katika karakana ya mjomba wake huko Gikomba. Alasiri alijipangusa vumbi la mbao, akaenda kufasiri filamu katika ukumbi wa video wa Njoki, mjane ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Nyawira. Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba kimoja kirefu chini ya ghorofa, chenye mabenchi, pazia zito mlangoni na televisheni iliyofungiwa ndani ya kizimba cha vyuma. Watazamaji wengi hawakuambulia kitu katika Kiingereza cha sinema, basi Mbaluka alisimama kando ya televisheni akawageuzia maneno. Ulimi wake ulikuwa na asali. Kiumbe wa sayari ya mbali akifungua kinywa, Mbaluka alimfanya afoke kama askari wa kanjo anayefukuza wachuuzi, na watu walivunjika mbavu.

Filamu za kisayansi ndizo zilizopendwa kuliko zote, lakini mpya ilichukua miezi kufika Huruma kwa kanda. Sinema za mjini ziliipata kwanza. Kwa hivyo mtaa ulijiwekea desturi. Filamu kubwa ikitangazwa, watu walichanga nauli na kiingilio cha mtu mmoja, wakamtuma mjini awe macho yao. Mjumbe huyo aliitazama Jumamosi, na Jumapili baada ya ibada akaisimulia ukumbini, mwanzo hadi mwisho. Kabla hajafungua kinywa alitundika kipande cha tiketi kwenye msumari ukutani ili kila mtu akione. Bila kipande hapakuwa na hadithi.

Mnamo Septemba tangazo lilikuwa la filamu ambayo watu wa Huruma waliipa jina lao wenyewe, Zamu ya Vyuma. Bango lake lilibandikwa hadi kwenye kuta za Gikomba. Lilionyesha jitu la chuma lenye jicho moja jekundu, mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni, na mnara wa saa usio na mishale. Kwa wiki tatu watu hawakuzungumza lingine. Mbaluka akachaguliwa kuwa mjumbe, na safari hii alikuwa na sababu yake ya kutaka kung'ara. Mama Nyawira alikuwa anafungua ukumbi wa pili katika mtaa wa Lucky Summer, akitafuta mfasiri wa kuusimamia. Nyuma ya ukumbi huo palikuwa na chumba cha kuishi, chenye dirisha na mlango wake. Mbaluka na mkewe Mutheu, aliyekuwa na mimba ya miezi saba, walilala nyuma ya pazia katika chumba cha mjomba, wakikohoa kwa zamu ili wasiwaamshe wenyeji. Alikitaka chumba kile kama mgonjwa atakavyo afya.

"Jumapili nitakusikiliza," Mama Nyawira alimwambia. "Ukinipendeza, nakata shauri."

Jumamosi tarehe kumi na nne, Mbaluka alifika mjini saa saba unusu. Karani wa tiketi hakuinua hata macho.

"Haijafika, kaka. Iko njiani. Jaribu wiki ijayo."

"Na leo kuna nini?"

"Ya Kihindi. Saa nane."

Mbaluka alisimama pale. Angeweza kurudi nyumbani akasema ukweli, na dunia isingepasuka. Lakini alimkumbuka Ngigi, mfasiri mwenzake pale ukumbini. Miezi mitatu nyuma Ngigi alikuwa ametumwa mjini, akarudi akakiri mbele ya wote kwamba alisinzia katikati na hakuona vita viliishaje. Alichekwa wiki nzima, na jina la Usingizi likamganda hadi leo. Mbaluka aliwaza vicheko vile, akawaza na chumba chenye dirisha. Kisha akasogea kwenye kabati la kioo penye picha za filamu ijayo. Zilikuwa nane, na moja ilionyesha mwanamke akiimba mbele ya jitu lililopiga magoti. Akazitazama moja moja, mara mbili, mara tatu.

Alizijua filamu hizi kama fundi ajuavyo viungo vya kiti. Mashine hutengenezwa imsaidie binadamu, nayo humgeukia. Daima pana mwanasayansi mzee anayeonya, na daima wakubwa humpuuza mpaka maji yazidi unga. Mzee hufa na kuacha siri, mtu mnyonge huipata, na mtu huyo huokoa mji. Mwishowe, watu wakishapumua, kitu kidogo hutikisika ili mjue balaa halijaisha. Mbaluka akanunua tiketi ya filamu ya Kihindi, nayo tiketi haikuandikwa jina la picha yoyote ila jina la jumba la sinema na mhuri wa tarehe. Akaketi gizani saa tatu. Watu kwenye pazia la sinema waliimba, walicheza na kulia, naye hakuona kitu. Alikuwa akijenga majitu yake ya chuma.

Jumapili ukumbi ulifurika hadi mlangoni. Mbaluka alitundika tiketi msumarini, akakohoa, akaanza. Nani angemlaumu aliyemwamini? Alisimulia habari za jitu lililoundwa kulinda maji ya mji, likahesabu na kuona kwamba mwizi wa maji ni binadamu mwenyewe. Watu wa Huruma, ambao mifereji yao ilikauka siku nne kwa wiki, waliguna kwa uchungu. Alisimulia habari za mzee aliyeonya akafungwa. Alisimulia jinsi binti ya mzee alivyokimbia na mtoto mgongoni, nyuma yake hatua za chuma zikitikisa ardhi.

Hapo Ngigi akainua mkono. "Buda, na ile saa isiyo na mishale? Pale kwa bango?"

Mbaluka hakuwa ameifikiria saa. Watu wote waligeuka wakamtazama.

"Si uningoje nifike hapo, Usingizi?" akajibu, na kicheko kikampa nafasi ya kupumua. "Jitu lilipoamka, kila saa ya mji ilikufa. Likamwambia binadamu, muda wako umekwisha. Sasa ni zamu yetu."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Alipofika mwisho, binti akiliimbia jitu wimbo wa kubembeleza aliofunzwa na babake na jitu likapiga magoti na kuzimika, kina mama walikuwa wakifuta machozi. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Lakini jicho, wasee. Lile jicho jekundu likapepesa. Mara moja tu." Mama Nyawira akasimama, akatangaza kwamba ufunguo wa Lucky Summer atamkabidhi Mbaluka Jumamosi ijayo mbele ya watu wote.

Raha hiyo ilidumu hadi Jumatatu jioni. Mutheu aliuza mandazi karibu na lango la ghorofa, akiyafunga kwa magazeti makuukuu. Alirudi na ukurasa mmoja wenye mafuta, akauweka mapajani mwa mumewe.

"Hebu soma hapa chini. Inasema picha imechelewa. Itaanza Ijumaa, tarehe ishirini."

"Gazeti hukosea."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Uliiona?"

Mbaluka alitazama pazia, akatazama mikono yake. Hakuweza kumdanganya. Akamweleza yote kwa kunong'ona, ili mjomba asisikie.

"Nenda kwa Mama Nyawira kesho asubuhi," Mutheu alisema. "Mwambie kwa mdomo wako kabla hajaambiwa na mwingine."

"Na chumba?"

"Chumba bado hatujakipata, Mbaluka. Hatuwezi kupoteza kitu ambacho hatuna."

"Unataka mtoto azaliwe nyuma ya pazia?"

"Mimi nilizaliwa nyuma ya gunia na nimekua. Mficha uchi hazai, na mimi nataka kuzaa salama."

Mbaluka aliukunja ule ukurasa, akautia jikoni, akautazama ukiungua. Tangu siku hiyo Mbaluka hakuwa na amani. Alipita kwa kinyozi akachana ukurasa wa sinema wa gazeti la pale alipodhani hakuna anayemwona. Alipita kwenye kibanda cha chai akautwaa ukurasa kama huo akaufanya wa kufutia meza. Aliota majitu yenye jicho moja, na kila jitu lilikuwa na sura ya karani wa tiketi. Kilichomtisha zaidi ni filamu yenyewe. Je, kama jitu si la maji? Kama hakuna mzee? Kama yule mwanamke wa bangoni ndiye adui?

Jumatano Mama Nyawira alimwita. Alikuwa amechangamka kama msichana.

"Mbaluka, umenitia hamu. Sijaingia sinema ya mjini tangu niolewe. Ijumaa nitampeleka Nyawira tuione hiyo Zamu ya Vyuma kwa macho yetu."

"Mama, si ungoje kanda?" Mbaluka akasema kwa haraka. "Foleni ni ndefu. Halafu pale nje kuna wachomozi, wanachomoa pesa mifukoni. Na makelele yake, Mama, masikio yatakuuma."

"Nimeishi Huruma miaka kumi na minane, wewe unaniambia makelele?" Akacheka, akampiga begani. Hapo ndipo mlango wa ukweli ulipofunguka mara ya mwisho, nao ulikuwa wazi kabisa. Mbaluka aliona maneno yakimjia hadi kwenye ulimi. Akayameza, akasema, "Basi nendeni salama." Ijumaa hiyo patasi ilimteleza karakanani ikamkata kidole, na mjomba akamuuliza kama amerogwa.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa tena. Mbaluka aliketi benchi la mbele, kidole kikiwa kimefungwa kitambaa, Mutheu kando yake. Ufunguo ulining'inia shingoni mwa Mama Nyawira kwa utepe mwekundu. Mama huyo alisimama kando ya televisheni, pale anaposimama mfasiri.

"Jana niliiona," akaanza. "Nataka mjue niliyoyaona. Jitu lipo. Si la maji, ni la umeme, lakini lipo." Mbaluka alikaza kitambaa kidoleni. "Mzee anayeonya yupo, na wanamfunga. Binti yupo na mtoto mgongoni. Saa za mji zinakufa. Wimbo upo. Na mwisho, jamani, jicho linapepesa mara moja, vilevile alivyosema huyu kijana. Nyawira alinishika mkono akaniambia, mama, ni kama yeye ndiye aliyeitunga!"

Makofi yakapasuka. Mbaluka alikuwa amepona! Alimgeukia Mutheu huku akicheka, lakini Mutheu hakucheka. Alikuwa akimtazama Mama Nyawira, ambaye alikuwa ameinua mkono watu wanyamaze.

"Kabla picha haijaanza, msimamizi wa sinema alipanda jukwaani akatuomba msamaha. Alisema mikanda ilichelewa, ikafika uwanja wa ndege Alhamisi. Alisema sisi tuliokuwa mle ndani ndio watu wa kwanza kuiona katika nchi hii nzima."

Akaenda msumarini. Kutoka alipoketi Mbaluka hadi pale ni hatua nne tu. Akakichukua kipande cha tiketi, akatoa chake kwenye mkoba, akavishika pamoja mbele ya uso wa kijana.

"Changu kina mhuri wa tarehe ishirini. Chako kina wa tarehe kumi na nne. Wewe ulitazama nini, Mbaluka?"

Mbaluka alivitazama vipande viwili, mhuri kando ya mhuri.

"Ya Kihindi," akasema mwishowe. "Hii ya vyuma niliibuni, Mama. Niliangalia picha za kwenye kioo."

"Umeibuni yote? Kwa picha za kwenye kioo?" Mama Nyawira alitikisa kichwa, na uso wake ulijaa huzuni kuliko hasira. "Ungekuja Jumapili ukasema, jamani haijafika, lakini mimi nafikiri itakuwa hivi na hivi. Jana ningerudi nikikuita nabii. Ningekupa ufunguo na ukumbi wenyewe. Lakini watu hawa hawajui Kiingereza. Wanajua tu kile anachowaambia mfasiri. Nikimweka mtu wa kuwadanganya, si nitakuwa nimewafumba macho halafu nikawatoza kiingilio?"

Akauvua ufunguo shingoni, akapita mabenchi mawili, akasimama mbele ya Ngigi.

"Wewe ulisinzia ukasema umesinzia," akamwambia. "Chukua."

Ngigi aliupokea kwa mikono miwili, akiona haya kana kwamba ameiba. Mutheu alinyanyuka polepole akishika kiuno, akamsaidia mumewe kusimama, wakatoka. Mtoto wao alizaliwa mwezi wa Novemba, nyuma ya pazia, mjomba akiwa amekaa nje kwenye ngazi. Kuhusu vile vipande viwili vya tiketi, Mama Nyawira alivirudisha msumarini pamoja, tarehe kumi na nne chini na tarehe ishirini juu, vikakaa pale hadi vikawa njano. Kila mjumbe aliyetumwa mjini baada ya hapo alionyeshwa vipande hivyo kwanza, akaambiwa avisome kwa sauti, na ukumbi mzima ukamwitikia: njia ya mwongo ni fupi.