Matairi ya Kinda

Wahenga hawakumlaumu mwenye njaa. Walimlaumu mwenye pupa, yule anayetia mkono chunguni chakula kingali motoni, akaungua vidole na akalala na njaa vilevile. Askari mmoja, dereva wa gari la doria, aliyajua hayo tangu utotoni, lakini kujua ni jambo moja na kukumbuka ni jingine.

Wenzake walimwita Mshale kwa jinsi alivyopenda kukimbiza gari. Alikuwa na miaka kumi na minane kazini, na cheo cha mkuu wa madereva kilikuwa wazi tangu mzee aliyekishika astaafu. Mshale alikitaka cheo kile kufa na kupona. Kikwazo kilikuwa kimoja tu, nacho kiliitwa Kinda: askari kijana ambaye Mshale mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika usukani. Mwaka ule Kinda alikuwa amekamata wezi saba, Mshale wawili. Picha ya Kinda ilitundikwa ukutani, karibu na chumba cha redio, na kila Mshale alipopita pale roho ilimuuma. Hata mkewe nyumbani hakumhurumia.

"Huyo kijana wako hodari kweli," alimwambia huku akimpakulia. "Wewe mwalimu wake si unajivunia?"

Mshale aliisogeza sahani kando.

Asubuhi moja fundi wa magari ya kituo alimwita gereji. "Bwana Mshale, hebu njoo uone matairi ya Kinda. Utadhani yametoka dukani jana! Yako wewe yameshakuwa vipara."

"Kumbe siri ndiyo hiyo!" Mshale alifoka. "Wakubwa wanampa mapya, sisi tunaachiwa mabovu. Kwa nini asitushinde?"

"Sivyo, ngoja nikueleze..."

Mshale alikwisha kutoka, wivu umemjaa hadi kooni.

Siku hiyohiyo, saa tano, redio ya gari ikalia. Mtu amepakia magodoro mawili ya dukani kwenye pikapu, akatimka bila kulipa. Mshale alikuwa jirani na hapo. Aliiona pikapu ikipita, akaiandama, king'ora kikilia.

"Gari la tatu, mwache," alisema dada wa redio. "Namba yake tunayo na anakokaa tunakujua. Huko mbele watu wamejaa."

Kabla Mshale hajajibu, sauti ya Kinda ikaingia. "Nimekupata, dada. Mimi naelekea kwake."

Lahaula! Mshale alijiona ananyang'anywa tonge mdomoni. Huyo atakuwa wa nane, na cheo ndicho hicho kinakwenda. Akakanyaga mafuta hadi mwisho.

"Afande, punguza! Kuna watu!" askari aliyeketi kando yake alipiga kelele.

"Nyamaza! Leo watajua mwalimu ni nani."

Pikapu ikakata kona. Mshale naye akakata, lakini gari liliteleza, likapanda barazani ambapo fundi cherehani mmoja, mama mtu mzima, alikuwa akishona sare za shule. Watu walitawanyika huku na huko. Mama yule hakuwahi. Cherehani ilipondeka, na mguu wake ukavunjika mahali pawili.

Pikapu ilitokomea. Nusu saa baadaye mwizi alifika kwake akihema, akamkuta Kinda ameketi kivulini, gari limezimwa.

"Pole na safari, kaka," Kinda alimwambia, akamfungulia mlango wa nyuma.

Jioni, gari la Mshale lilipovutwa hadi gereji, fundi alilizunguka akitikisa kichwa. "Nilitaka kukwambia asubuhi. Matairi ya Kinda ni yaleyale yaliyokuja na gari. Yule hakimbizani na mtu. Huchukua namba, akatangulia kumngoja anakorudi."

Mshale alinyang'anywa funguo siku hiyo, na wiki iliyofuata cheo akapewa Kinda. Ndipo alipokwenda hospitali, ameyapanga maneno ya kujitetea: kwamba kazi ya polisi ni kukamata wezi, na wezi hawasubiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye dereva?"

"Ndimi. Nilikuwa namfukuza mwizi."

"Aliiba nini?"

"Magodoro mawili."

Mama aliutazama mguu wake uliofungwa plasta hadi pajani. Kisha akamtazama yeye, bila hasira.

"Si ungemwacha akalale, baba?"

Maneno yote aliyoyapanga yalimwisha. Mshale alilia mbele ya yule mama, mtu mzima na sare zake, kwa uchungu na aibu. Alitaka cheo, akakosa hata usukani. Alitaka mwizi, akamvunja mguu asiyeiba. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.